Namna ya kuikinga nyumba ya mjini na kiribatumbo, kuanzia kwenye kidumu cha mafuta

Kikundi chetu cha vikoba hukutana Tabata, jijini Dar es Salaam, kila Jumapili baada ya ibada. Mwaka jana mwenzetu mmoja, aliyekuwa amegundulika kuwa na kisukari, alikuja na tepu ya fundi cherehani akaomba kila mmoja wetu apimwe kiuno kabla hatujafungua sanduku la hisa. Wengi wetu tulivuka sentimita 80, mpaka wa hatari kwa kiuno cha mwanamke, nami nikiwa miongoni mwao, na kwa muda hakuna aliyesema neno. Niliwatazama wenzangu nikajua kwamba hakuna mlafi kati yetu. Ni wanawake wanaoamka saa kumi na moja alfajiri, wanaokaa kwenye foleni ndani ya daladala saa nzima au zaidi, wanaoshinda wameketi dukani, ofisini au kwenye cherehani, na wanaorudi nyumbani giza likiwa limeshaingia, mkononi wakiwa na mfuko wa chochote kilichokuwa tayari njiani.

Hali hiyo haipo Tabata peke yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa akiishi na kiribatumbo, yaani unene uliopindukia, na kwamba kwa watu wazima kiwango hicho kimeongezeka zaidi ya maradufu tangu mwaka 1990. Hapa Tanzania, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, ilhali utafiti wa mwaka 2004-05 ulikuwa umekuta asilimia 18, na wanawake wa mjini wamekuwa wakiwazidi kwa mbali wale wa vijijini. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Barry Popkin, aliyaita mabadiliko ya namna hii mpito wa lishe mwaka 1993: watu wanahamia mijini, kazi za mikono zinapungua, mafuta na sukari vinapatikana kila kona, na mwili unaendelea kula kama wa mkulima wakati jembe limeshaachwa kijijini.

Nayasema haya kwanza kwa sababu ushauri mwingi tunaopewa huanza kwa kumlaumu mlaji. Mlaji ni mtu wa mwisho kabisa kufikiwa. Kabla hajaketi mezani, yupo aliyeweka friji kando ya barabara, yupo aliyetengeneza tangazo, yupo aliyenunua mafuta kwa bei ya jumla, na yupo aliyeyamimina sufuriani. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayenunua na kupika kwa ajili ya wengine, na ninamwomba ahesabu vinavyoingia nyumbani kabla hajaanza kuhesabu kilo za mtu yeyote.

Kipimo kimoja cha kuanzia

Mizani si lazima. Chukua kamba isiyovutika, simama juu ya mwisho wake mmoja, mwombe mwenzako aivute hadi utosini na aikate hapo. Ikunje katikati ibaki nusu, kisha uzungushe kipande hicho kilichokunjwa kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umesimama wima na umetoa pumzi taratibu bila kubana tumbo. Kamba ikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hilo ni jambo jema. Isipokutana, mafuta yamekusanyika tumboni kwa kiasi kinachoongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kwa wenye tepu, mipaka inayotumika sana kwa watu wazima wa Afrika ni sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume.

Ukiwa na mizani, gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.6 atagawanya 78 kwa 2.56 na kupata 30.5. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo. Mjamzito asitumie vipimo hivi, na mtoto apimwe kliniki kwa chati ya ukuaji inayolingana na umri wake, kwa sababu namba za watu wazima zitampotosha mzazi.

Andika namba, tarehe, kisha funga daftari. Usijipime kila asubuhi.

Kidumu cha mafuta

Sehemu hii ndiyo iliyobadilisha nyumba yangu kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Siku utakayofungua kidumu kipya cha mafuta, bandika kipande cha plasta ubavuni mwake na uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Kitakapokwisha, andika tarehe ya pili. Hesabu inayofuata ni nyepesi. Tuseme kidumu cha lita 5 kimetumika siku 25 katika nyumba ya watu watano: hiyo ni mililita 200 kwa siku, yaani mililita 40 kwa kila mtu, karibu vijiko vitatu vya kulia. Kijiko kimoja cha kulia cha mafuta ya aina yoyote, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi, hubeba takribani kilokalori 120, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 wakati gramu moja ya wanga ina 4 tu. Kwa hiyo kila mtu amekula zaidi ya kilokalori 300 za mafuta kwa siku, na hapo hatujaugusa wali wenyewe, wala sambusa ya saa nne, wala chipsi mayai alizokula akiwa njiani.

Nilipobandika plasta kwangu, kidumu kiliisha katika siku 14. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Ilikuwa mililita 71 kwa mtu kwa siku, karibu vijiko vitano, sawa na kilokalori zinazokaribia 600, na hapakuwa na mtu nyumbani ambaye angeweza kuniambia ziliingia lini. Ni kweli kwamba sehemu ya mafuta hayo ilibaki kwenye karai la kukaangia na ikamwagwa, lakini sehemu kubwa ilikuwa kwenye mchicha, kwenye maharage, kwenye wali uliokaangiwa vitunguu, na kwenye chapati zilizopakwa mafuta pande zote mbili.

Namna ya kupunguza ni hii. Kidumu kiwekwe mbali na jiko, na jikoni ibaki chupa ndogo pamoja na kijiko cha kulia kilichofungwa kwa uzi kwenye shingo ya chupa hiyo, ili mkono usizoee kumimina kwa macho. Sufuria ya mboga ya watu watano ipate vijiko vitatu. Kitunguu kikianza kushika chini, ongeza maji kidogo au nyanya iliyosagwa badala ya kuongeza mafuta. Siku unayounga kwa nazi, tui lihesabiwe kuwa ndiyo mafuta ya siku hiyo, na kidumu kipumzike. Vyakula vya kukaanga kwenye mafuta mengi vipangiwe siku moja au mbili za wiki zinazojulikana, kwa kuwa kitu kilichopewa siku yake hakigombaniwi. Usijaribu kuyafanya yote kwa wiki moja; familia itasusa chakula, nawe utarudi ulikotoka. Weka lengo kwamba kidumu kinachofuata kifike siku 25, kingine 35, hadi ufikie siku 45, ambapo kila mtu atakuwa anapata kijiko kimoja na nusu kwa siku.

Kuna jambo moja ambalo miongozo mingi haligusi. Katika nyumba nyingi za mjini anayepika ni dada wa kazi, naye amefundishwa, mara nyingi na sisi wenyewe, kwamba mboga isiyoelea mafuta ni dalili ya uchoyo. Ukimwamuru apunguze bila kumweleza, atadhani unamtuhumu kwa kuiba mafuta. Nilimwita dada wa kwangu tukaketi naye na plasta mkononi, tukapiga hesabu pamoja, nikampima na kiuno chake kama nilivyopimwa mimi. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeandika tarehe kwenye kidumu, na ndiye aliyegundua kwamba matembele yaliyochemshwa kwa nyanya, kitunguu na karanga zilizosagwa hayahitaji mafuta kabisa.

Sukari ya bakulini na sukari ya chupani

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida asilimia 10 ni kama gramu 50, na asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa. Fanya kwa sukari kama ulivyofanya kwa mafuta: andika siku uliyoifungua kilo moja na siku iliyokwisha. Nyumba ya watu watano inayomaliza kilo moja kwa siku nne inatumia gramu 250 kwa siku, na kila mtu ameshafika gramu 50 kabla hajanunua soda hata moja.

Upunguzaji wa chai uende taratibu, nusu kijiko kwa kila wiki mbili, na kijiko kiwe cha kusawazishwa, maana kijiko cha mlima hubeba zaidi sana ya tunavyodhani. Tangawizi, iliki na mdalasini huufanya ulimi usione upungufu mapema. Wengi huzoea ndani ya miezi miwili, na baadaye chai ya zamani huwachefua.

Vinywaji vya chupa vinataka uangalifu zaidi. Soda za kawaida huwa na sukari ya kati ya gramu 10 na 11 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai, na ya mililita 500 ina karibu vijiko kumi na vitatu. Siku moja nilizipima sukari hizo mbele ya wanangu, kijiko baada ya kijiko, kwenye glasi tupu, na mdogo akaniomba nimmiminie maji aone kama zitayeyuka. Ubaya wa sukari ya kimiminika ni kwamba tumbo haliihesabu vizuri: mtu aliyekunywa soda hapunguzi wali wake kwa kiasi hichohicho. Juisi nayo ichunguzwe. Juisi ya miwa ni sukari iliyokamuliwa, na juisi ya embe au pesheni inayochujwa kisha ikaongezewa sukari imeachwa bila makapi yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakimshibisha mlaji wa tunda. Mpe mtoto embe lenyewe na kisu.

Mabadiliko tuliyoyaweka nyumbani ni mamoja tu, nayo ni kwamba soda hainunuliwi ikawekwa kwenye friji ya nyumbani. Anayeitaka atainywea shereheni au atatoka kuinunua, akainywa na ikaisha. Kitu kisichokuwepo hakihitaji mtu mwenye nia ya chuma.

Kusoma duka

Nenda dukani kwenu ukiwa huna haja ya kununua chochote, usimame upande wa pili wa barabara dakika tano. Kuta za duka huenda zimepakwa rangi za kampuni ya vinywaji, na jina la duka limeandikwa kwa udogo chini ya jina la kinywaji. Friji yenye mlango wa kioo imewekwa mbele kabisa, inawaka taa hata mchana, na mara nyingi ni mali ya kampuni iliyoikabidhi kwa mwenye duka kwa makubaliano kwamba ndani yake zipangwe bidhaa zake. Maji huwa kwenye rafu ya chini. Pipi, biskuti na vibanzi vya pakiti vimening'inizwa au kuwekwa kwenye vyombo vya plastiki kwenye kimo cha macho ya mtoto wa miaka sita, na vingi vimefungwa kwa vipimo vinavyolingana na sarafu anayopewa mtoto. Hakuna kosa la mwenye duka hapo, naye anatafuta riziki, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowekwa kwa bahati.

Kwenye maduka makubwa mambo ni hayohayo kwa ustadi zaidi. Mkate na maziwa, ambavyo kila mtu anavifuata, huwekwa ndani kabisa ili upite kwanza kwenye mengine. Bidhaa yenye faida kubwa huwekwa usawa wa macho. Chokoleti hukusubiri kwenye foleni ya kulipia, wakati mtoto ameshachoka nawe umeshachoka. Chupa kubwa huuzwa kwa bei iliyozidi kidogo tu ile ya chupa ndogo ili uone umeokoa fedha, na chini ya kizibo pameahidiwa zawadi ili ununue nyingine kabla kiu haijarudi. Kinga ni za kawaida sana: andika orodha nyumbani, nenda ukiwa umekula, na kama unaweza, nenda sokoni au gengeni kwanza, ili fedha nyingi ziishie kwenye mboga, dagaa na maharage kabla hujafika kwenye rafu zenye taa.

Kwenye pakiti, maneno makubwa ya mbele ni tangazo. Taarifa iko nyuma kwa herufi ndogo. Mafuta ya kupikia yaliyoandikwa kwamba hayana kolesteroli hayajafanyiwa jambo lolote la pekee, kwa kuwa kolesteroli hutoka kwenye vyakula vya wanyama, na mafuta ya mimea hayakuwa nayo tangu mwanzo. Biskuti iliyoongezwa vitamini bado ni biskuti. Kinywaji chenye ladha ya embe kinaweza kuwa na picha ya embe zima na juisi ya embe kidogo mno.

Geuza pakiti usome mambo mawili. La kwanza ni orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi zaidi: ukikuta sukari katika nafasi tatu za mwanzo, umeshajua unachonunua. Sukari huandikwa pia kwa majina mengine, na kwenye lebo za Kiingereza mengi huishia kwa herufi tatu, "ose", kama "glucose" na "fructose", au huitwa sirapu ya kitu fulani. La pili ni jedwali la virutubisho, na hapo soma safu ya gramu 100, kwa kuwa safu ya mlo mmoja hutegemea mlo ambao mtengenezaji amejiamulia, na mara nyingi ni biskuti mbili ambazo hakuna anayeishia hapo. Uingereza huhesabu sukari iliyozidi gramu 22.5 katika gramu 100 za chakula kuwa nyingi, na isiyozidi gramu 5 kuwa kidogo, na mipaka hiyo inafaa kukaririwa. Kwa mtindi kumbuka kwamba gramu nne au tano ni sukari ya maziwa yenyewe; ukisoma kumi na mbili, zilizobaki zimeongezwa.

Chile ilipitisha njia ambayo natamani ifike kwetu. Tangu mwaka 2016 chakula kilichozidi kiwango cha sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori hulazimika kuwa na alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, na chakula chenye alama hiyo hakiruhusiwi kuwa na picha za katuni za kuwavutia watoto. Tukingoja hilo, mtoto wa dada yangu mwenye miaka tisa amepewa kalamu nyeusi na kazi ya kusoma safu ya sukari kwenye kila pakiti inayoingia ndani, na kinachozidi gramu 22.5 anakichora pembe nane. Ameshachora pakiti ya unga wa uji ambayo mama yake aliinunua miaka mitatu mfululizo kwa kuamini kwamba ni ya afya.

Wapo wanaosema chakula ni chakula, muhimu ni kiasi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa watu wazima 20 walioishi hapohapo chini ya uangalizi, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili wakila vyakula vya kawaida, huku milo ikiwa imelinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi zilizowekwa mezani, na kila mtu akiwa huru kula atakavyo. Katika wiki za vyakula vilivyosindikwa sana, watu haohao walikula takribani kilokalori 500 zaidi kwa siku. Hawakuwa wamegeuka walafi.

Watoto na hela ya shule

Mtoto anayepewa shilingi mia tano kila asubuhi amepewa kazi ya ununuzi katika soko lililoandaliwa kwa ajili yake, na getini kwa shule anasubiriwa na barafu za rangi, kashata, visheti na soda za chupa ndogo. Inapowezekana afungiwe kitu kutoka nyumbani: yai la kuchemsha, ndizi, muhogo wa kuchemsha, karanga, maji. Inaposhindikana, apewe fedha siku mbili za wiki na aambiwe ni zake kwa apendavyo.

Kwenye simu, matangazo hayaji tena kwa sura ya matangazo. Mtu ambaye mtoto anampenda anafungua pakiti mbele ya kamera na kufurahi, basi. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliridhia tangu mwaka 2010 mapendekezo ya kupunguza matangazo ya namna hiyo kwa watoto, lakini nyumbani anayebaki ni wewe. Keti naye mara mojamoja umwulize ni nani aliyemlipa huyu afurahi hivi. Watoto hulishika swali hilo haraka, na baada ya muda hukuuliza wewe.

Mtoto mnene asiitwe bonge, wala tipwatipwa, hata kwa mapenzi. Asipikiwe chakula chake peke yake wala asinyimwe wenzake wakila. Nyumba nzima ibadilike, naye abadilike ndani yake bila kutajwa.

Kutembea, na sahani

Watu wazima wanahitaji angalau dakika 150 za kutembea kwa kasi au shughuli inayolingana nayo kwa wiki. Anayepanda mwendokasi ashuke kituo kimoja kabla ya chake asubuhi na jioni, na anayetumia bodaboda kutoka stendi hadi nyumbani aiache siku tatu za wiki. Wanawake watembee kwa makundi, kwa kuwa barabara nyingi hazina taa na hofu ya giza ni hofu ya kweli. Vilabu vya jogging vipo karibu kila kata, na tangu mwishoni mwa mwaka 2016 Serikali imekuwa ikihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Mazoezi hulinda moyo hata kama kilo hazishuki haraka, lakini hayawezi kufuta peke yake kidumu kinachoisha kwa siku 14.

Sahani nayo isichukue muda mrefu kueleza: nusu iwe mboga za majani na matunda, robo iwe wali, ugali au ndizi, robo iwe samaki, maharage, nyama au dagaa. Unga wa dona una nyuzinyuzi ambazo sembe imeshazipoteza kwenye kukoboa, na hushibisha kwa donge dogo zaidi.

Maneno ya watu

Ukianza kupungua, majirani watakuuliza kama unaumwa. Kwetu aliyenenepa ameambiwa amenawiri kwa vizazi vingi, na miaka ya UKIMWI ilitufundisha kuogopa shavu lililoingia ndani, kwa hiyo wanaouliza wanauliza kwa upendo. Jibu fupi linatosha: daktari ameniambia nipunguze mafuta. Kwenye shughuli usikatae pilau ya mwenyeji, maana utamvunjia heshima. Mwambie anayepakua, "Mama, nipakulie kidogo nitaongeza", na useme kabla upawa haujaingia kwenye sinia.

Biashara inamfuata mtu pande zote mbili. Aliyeuziwa soda huuziwa kesho chai ya kukata kitambi, na nyingi za chai hizo humharisha mtu kwa sena, jani la kuharisha, zikimpunguzia maji huku mafuta yakibaki palepale. Binti mwembamba naye huuziwa vidonge vya kuongeza mwili, na vidonge vya namna hiyo vinavyozunguka katika miji ya Afrika vimekuwa vikikutwa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Deksamethasoni ikitumiwa ovyo hupandisha sukari na shinikizo la damu. Vyote viwili visiingie nyumbani.

Lini kwenda kituo cha afya

Nenda upimwe presha na sukari ikiwa kamba ya kiunoni haikukutana, hata kama hujisikii vibaya. Presha inayofika 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, au sukari ya damu ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi, inataka tiba, na dawa zisicheleweshwe kwa kungoja mchicha ufanye kazi. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku na kukonda bila kujitahidi ni sababu za kwenda leo. Anayefuata mwongozo huu asitarajie kushuka zaidi ya nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na asidharau mafanikio madogo, kwa kuwa mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 4.5 hadi 9 presha na sukari yake huanza kupata nafuu inayopimika.

Baada ya wiki kumi na mbili rudia kamba ileile, na uilinganishe na tarehe zilizo kwenye vidumu. Katika kikundi chetu tepu ya fundi inatunzwa ndani ya sanduku la vikoba lenye kufuli tatu, pamoja na daftari la hisa. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya marejesho, mtunza hazina huitoa, na anayetaka hupimwa nyuma ya pazia. Namba yake huiandika mwenyewe, na idadi ya siku ambazo kidumu chake kimedumu husomwa kwa sauti.